Sura ya Sita: Ufunguo Hauzimi Joto

Mlinzi wa maegesho anamkimbilia mwenye gari kabla hajafika mlangoni. "Bosi, umesahau kuzima gari." Bosi anamwonyesha ufunguo mkononi. Mlinzi anageuka kulitazama gari, ambalo linaunguruma vilevile, kisha anamtazama bosi kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. Kisa hiki hutokea kila siku katika miji yetu, na mara nyingi humfikia mtu wa tatu, fundi, ambaye analipwa ili aiondoe kelele ile. Hapo ndipo gari linapoharibika kweli.

Sura hii inahusu vitu vinavyoendelea kuzunguka baada ya ufunguo kuchomolewa. Vingine ni vya heri, vingine ni vya shari, na vichache vinaweza kuua. Swali la kuvitenganisha ni moja, nalo ni la kigereji kabisa: kinakula nini? Hakuna kinachozunguka bure. Feni inakula umeme. Injini inakula mafuta na hewa, na inahitaji joto la kuviwasha. Chochote kinachozunguka bila idhini yako kimepata chakula mahali fulani, na kazi ya fundi ni kukifuata chakula hicho mpaka kinakotoka.

Tuanze na ufunguo wenyewe, maana watu huupa sifa usizokuwa nazo. Ukiuzungusha kuzima gari la petroli, unakata umeme unaokwenda kwenye plagi na kwenye nozeli za mafuta. Kwenye dizeli, unafunga mafuta. Basi. Hauna waya unaokwenda kwenye joto, na joto ndilo linalobaki chini ya boneti, tena jingi.

Ni jingi kiasi gani? Mafuta yanapolipuka ndani ya silinda ya petroli, gesi hupanda kupita nyuzi joto 2,000 za Selsiasi kwa kitambo kifupi mno. Hedi ya injini nyingi za leo ni ya aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Haiyeyuki kwa sababu mlipuko ni wa kupita, na kwa sababu nyuma ya ukuta mwembamba wa silinda kuna maji yanayokimbia muda wote, yakibeba joto na kulipeleka kwenye rejeta. Kati ya nishati yote iliyomo kwenye petroli, inayofika kwenye magurudumu kwa kawaida haitimizi theluthi. Karibu yote iliyobaki ni joto: jingine linatoka na moshi, jingine linachukuliwa na maji. Kwa hesabu hiyo, injini ni jiko ambalo kazi yake ya ziada ni kusukuma gari.

Sasa zima. Pampu ya maji, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini, inasimama papo hapo. Maji yaliyokuwa yakikimbia yanatulia, yamezungukwa na chuma chenye moto kuliko yenyewe. Chuma hakijui kwamba safari imekwisha. Kinaendelea kuyamwagia maji joto lake, hasa karibu na valvu za moshi, na sasa hakuna wa kulibeba. Kwa dakika kadhaa baada ya kuzima, joto la maji ndani ya hedi halishuki. Linapanda. Hili ndilo jambo ambalo madereva wengi hawalijui, na ndilo linaloeleza kwa nini gari linaweza kupanda mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, bila kulalamika, likachemsha pale juu dereva anapozima ghafla ili anunue mahindi ya kuchoma.

Mwinuko nao una lake. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100 Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta. Springi yake inashikilia shinikizo ndani, na chini ya shinikizo hilo maji yanaweza kufikia karibu nyuzi 120 bila kuchemka, ukiwa pwani, na pungufu kidogo ukiwa nyanda za juu. Mfuniko uliochoka, au ule wa kuazima kutoka gari jingine, unaiondoa akiba hiyo yote. Ni kifaa cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote chini ya boneti.

Hapo ndipo feni inapoingia. Ikiendelea kuzunguka injini ikiwa imezimwa, inafanya kazi mbili. Ya kwanza inaonekana wazi: inafukuza hewa ya moto iliyofungiwa chini ya boneti, ile inayokausha mipira, kukakamaza nyaya na kuchemsha petroli ndani ya mabomba. Ya pili imejificha. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hata pampu ikisimama, yale ya kwenye hedi huwa yanapanda polepole kuelekea rejeta, na yaliyopoa hushuka kuchukua nafasi yake. Feni ikiyapoza yaliyoko kwenye rejeta, mzunguko huo unapata nguvu. Usidhani ni kitu cha nadharia. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, ukiacha zile chache za mwanzo kabisa, haikuwa na pampu ya maji. Mamilioni ya magari yalitembea duniani kwa maji yaliyojizungusha yenyewe hivyo.

Kwa miongo mingi feni haikuwa na uwezo wa kubaki nyuma injini ikilala, kwa sababu ilifungwa kwenye injini ileile. Land Cruiser za kazi na malori mengi bado yako hivyo: mkanda unazungusha feni, injini ikizimwa feni inazimika. Wapenzi wa zamani wa Safari Rally wataikumbuka Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, alishinda nalo mwaka 1966 na tena 1967. Feni yake ilikuwa na klachi ya sumaku. Joto likipanda, sumaku inaikamata feni ili izunguke na injini, likishuka, inaiachia. Ulikuwa ubunifu mzuri, kwa sababu feni inayozunguka bila kuhitajika inaiba nguvu na kupiga kelele. Lakini hata hiyo, injini ikilala, nayo inalala.

Kilichoikomboa feni ni kugeuzwa kwa injini. Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele yalitaka injini ikae mkingamo, ubavu kwa ubavu, ili kuokoa nafasi. Mini ya mwaka 1959 ilikaa hivyo, ikahamisha rejeta pembeni ili feni iendelee kuzungushwa na mkanda. Baadaye wengi waliona ni heri rejeta ibaki mbele inakopigwa na upepo, na feni ipewe mota yake ya umeme. Volkswagen Golf ya 1974 ilikaa mkingamo. Corolla, gari ambalo Mtanzania na Mkenya hawahitaji kuelezwa, ilifuata mwaka 1983.

Feni yenye mota yake haihitaji injini. Inahitaji betri, na mtu wa kuiamuru. Katika magari ya wakati ule mwamuru alikuwa swichi ndogo ya shaba iliyochomekwa kwenye rejeta: maji yakikaribia nyuzi 95 inaunga, yakishuka nyuzi kama kumi inakata. Sasa mhandisi akabaki na uamuzi mmoja. Waya wa feni auchukue wapi? Akiuchukua baada ya ufunguo, feni itanyamaza gari likizimwa. Akiuchukua moja kwa moja kwenye betri, feni itafuata joto na kumpuuza mwenye ufunguo. Toyota nyingi zilichagua njia ya kwanza. Volkswagen na Honda nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilichagua ya pili. Ndiyo maana mtu aliyeendesha Corolla miaka kumi, akahamia Golf, hudhani ameuziwa gari bovu siku ya kwanza anapoliegesha.

Hofu ya pili ya mtu huyo ni betri. Hofu hiyo inaondoka kwa hesabu rahisi. Feni ya gari dogo hula ampea 10 hadi 20. Tuseme 15. Ikizunguka dakika kumi, ambao ni muda mrefu kwa injini nzima, imekula ampea-saa mbili na nusu. Betri ya gari la kawaida ina ampea-saa 45 hadi 60. Kilichotoka hakifiki hata asilimia sita, na alteneta itakirudisha safari ijayo. Ikizunguka usiku kucha ni habari nyingine: kwa ulaji huohuo, betri ya 45 inakauka kwa saa tatu. Tofauti kati ya gari zima na gari bovu, basi, iko kwenye saa ya mkononi.

Nilisema gari huharibika fundi anapolipwa kuondoa kelele. Ufundi wenyewe unajulikana gereji zote kuanzia Ilala hadi Kirinyaga Road: kuunga feni "dairekti". Swichi ya joto inatupwa, waya wa feni unapachikwa kwenye umeme wa ufunguo, na feni inazunguka muda wote gari linapowaka, asubuhi ya baridi au jua la saa saba. Mteja anafurahi kwa sababu mbili. Gari halichemshi tena, na likizimwa linanyamaza kama alivyotaka. Mara nyingi fundi huyohuyo ameshang'oa na themostati, "ili maji yapite vizuri".

Siwalaumu mafundi kwa hili kama wanavyolaumiwa kwenye mazungumzo ya mtandaoni. Mteja amekuja na gari linalochemsha, hana hela ya rejeta, na anataka kufika Moshi kesho. Kwa safari hiyo moja, dairekti ni dawa. Ubaya wake ni kwamba haiondolewi. Feni iliyounganishwa hivyo inazimika katika dakika zilezile ambazo maji yaliyosimama yanaihitaji. Mota yake, iliyotengenezwa kufanya kazi kwa vipindi, inakwisha mapema. Injini isiyo na themostati inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta zaidi na kuchafua oili. Na ugonjwa wa kwanza, rejeta iliyojaa kutu kwa sababu ya maji ya bomba, au gasketi ya hedi iliyoanza kupitisha, umefunikwa tu. Utajitokeza tena siku feni itakapoungua, na siku hiyo hautakuja kwa upole.

Feni inaweza kuwa mbovu kweli, na kuijua si kazi ngumu. Gusa kwa tahadhari bomba la juu la rejeta. Likiwa la moto, iache feni ifanye kazi yake. Likiwa la baridi na feni bado inazunguka, inakula umeme usiokuwa na sababu: pengine relei imeng'ang'ania kwa sababu midomo yake imeungua ikashikana, au swichi ya joto imekufa ikiwa imeunga. Katika magari ya kompyuta, sensa ya joto ikikosa kuleta taarifa, kompyuta nyingi huamua kuwasha feni kwa tahadhari na kuiacha hivyo. Huko ni kujihami, kwa hiyo kinachohitaji kubadilishwa ni sensa, na feni iachwe ilivyo. Mpaka fundi afike, chomoa relei ya feni, lakini kumbuka kuirudisha kabla ya kuwasha gari.

Na kabla sijaiacha feni, tahadhari moja inayopuuzwa. Katika gari ambalo feni yake imeungwa kwenye betri, kuchomoa ufunguo hakuifanyi kuwa salama. Inaweza kuwa imetulia, ukainamisha kichwa na mikono, joto likapanda nyuzi mbili, ikaanza bila kukohoa. Ncha ya kanga, mkono wa kanzu, tai ya mtu wa ofisini, vyote vinaingia kirahisi. Vidole pia.

Siku hizi kuna sauti nyingine nyingi za baada ya kuzima, na nyingi ni za kompyuta inayomalizia shughuli zake. Magari ya dizeli ya kisasa, kama Mazda CX-5 zinazoingia Kenya kutoka Japani, yana kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho kila baada ya muda hujichoma chenyewe kwa joto la karibu nyuzi 600. Ukizima katikati ya kazi hiyo, feni itavuma kwa nguvu utadhani gari linataka kuruka. Toyota Prius zilizouzwa Marekani kati ya 2004 na 2009 zilikuwa na tangi lenye kuta mbili lililotunza karibu lita tatu za maji ya moto hata kwa siku tatu, na pampu ndogo ya umeme iliyoyasukuma maji humo baada ya gari kuzimwa. Yenye visa zaidi ni Toyota za soko hilohilo ambazo husubiri kama saa tano, kisha huwasha kipampu kukagua kama mvuke wa petroli unavuja kwenye tangi. Egesha saa mbili usiku, na saa saba usiku gari litaguna peke yake uani. Nina hakika zipo nyumba ambako limeshaombewa.

Kuna pia injini zinazoachwa zikiwaka kwa makusudi. Tabo inazungushwa na moshi wa injini, na mhimili wake hupita mizunguko 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando wa oili. Upande wa moshi unaweza kufika nyuzi 900. Ukizima mara tu baada ya kukimbiza, oili inayopita hapo inasimama mahali pa moto kuliko inavyoweza kuvumilia, inaungua na kuacha kaa gumu kwenye njia zake. Ndiyo maana Wajapani walipenda kufunga kifaa cha kuchelewesha: unachomoa ufunguo, unafunga milango, injini inaendelea kunguruma dakika moja au mbili kisha inajizima. Subaru nyingi zenye tabo zilifika Mombasa na Dar es Salaam zikiwa nacho, na wanunuzi wakadhani ni hitilafu ya umeme. Tabo nyingi za leo zina njia ya maji inayosaidia kupoza hapo, na baadhi zina pampu ya umeme ya kuyasukuma baada ya kuzima. Hata hivyo kuendesha taratibu kilomita ya mwisho kunamaliza haja ya vifaa hivi vyote.

Hayo yote ni ya heri. Sasa tuingie kwenye injini inayokataa amri.

Mtu aliyeendesha gari la kabureta lililochoka anaijua dalili hii. Unazima, unachomoa ufunguo, injini inaendelea kugonga na kutikisika bila mpangilio, kama sekunde kumi au zaidi, kisha inakata kwa mshindo. Plagi hazina umeme. Basi inakula nini? Kabureta haihitaji umeme kutoa mafuta. Inahitaji upepo tu, na maadamu pistoni bado zinashuka zinavuta upepo kupitia njia ndogo ya mafuta ya injini isiyokanyagwa. Cha kuwashia ni mabaki ya kaboni yaliyoganda juu ya pistoni na kwenye valvu, ambayo yamekuwa mekundu kwa joto, pamoja na joto la mgandamizo wenyewe. Kwa kuwa injini sasa inazunguka polepole, mchanganyiko wa hewa na petroli unapata muda wa kutosha kujiwasha. Petroli ya okteni ndogo inawaka hivyo kirahisi zaidi. Wakati mwingine injini hata inageuka na kuzunguka kinyumenyume, ikapuliza moshi kupitia kabureta.

Ugonjwa huu ulishamiri Marekani miaka ya 1970, na chanzo chake kilikuwa sheria njema. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 iliwabana watengenezaji wapunguze sumu kwenye moshi. Wakapunguza petroli kwenye mchanganyiko, wakachelewesha cheche za plagi, na wakapandisha mzunguko wa injini isiyokanyagwa ili isizimike hovyo. Matokeo yake yalikuwa injini zenye joto zaidi na kabureta iliyobaki wazi zaidi wakati wa kuzima. Chakula na moto vikakutana. Suluhisho lilikuwa kivalvu kidogo cha umeme kwenye kabureta: ufunguo ukiwashwa kinafungua njia, ukizimwa springi inakirudisha, na njia ya mafuta inafungwa. Ukiona kabureta ya zamani yenye kidude cha mviringo chenye waya mmoja, ndicho hicho. Mafundi wetu wengi huking'oa kikifa. Gari linawaka vizuri bila hicho. Linakataa kuzimika tu.

Kama gari lako ni la namna hiyo na ni la gia za kawaida, kanyaga breki, tia gia kubwa na uachie klachi taratibu, injini itakufa. Kisha pima mpangilio wa cheche, joto la maji na mzunguko wa injini isiyokanyagwa kabla hujafikiria kufungua hedi.

Nozeli za umeme ziliumaliza ugonjwa huu. Nozeli hufunguka kwa umeme, na bila umeme petroli haipiti. Kwa hiyo gari la kisasa la petroli likiendelea kuwaka baada ya kuzimwa, acha kutafuta kaboni, tafuta umeme. Mara nyingi utaukuta mahali ambapo mtu alifunga alamu, au swichi ya siri ya kuzuia wezi, akaunganisha waya wa alteneta na waya wa ufunguo bila kujua. Alteneta inatoa umeme maadamu inazunguka, umeme unarudi kinyume kwenye mfumo wa cheche, injini inazidi kuizungusha alteneta. Zote mbili zinalishana, na ufunguo umeachwa nje ya mazungumzo.

Mashine ndogo zina hali iliyo kinyume na hii, na inafaa ijulikane. Msumeno wa minyororo, mashine ya kukata nyasi na jenereta ndogo hujitengenezea umeme wa plagi kwa sumaku. Hazizimwi kwa kukata umeme. Zinazimwa kwa kuumwaga umeme kwenye chuma cha mashine kupitia waya mmoja. Waya huo ukikatika, swichi haina kazi tena. Ndege za pistoni kama Cessna 172 zina mfumo wa namna hiyo, na ndiyo sababu rubani aliyefundishwa vizuri huichukulia pangaboi kuwa hai hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kuisukuma kwa mkono kunaweza kuiwasha.

Nimeacha dizeli mwisho kwa sababu ndiyo pekee katika sura hii inayonitisha.

Rudolf Diesel aliomba hataza yake Ujerumani mwaka 1892 kwa wazo kwamba hewa ikigandamizwa sana inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta bila cheche. Maana yake ni kwamba injini ya dizeli ina moto wake ndani muda wote inapozunguka. Hewa nayo inaingia bila kizuizi kikubwa. Kinachoitawala ni kimoja tu: kiasi cha mafuta kinachotolewa na pampu. Ikipata kitu kingine cha kuunguza kutoka mahali pengine, haina bwana tena. Na dizeli haichagui. Oili ya injini inaiendesha vizuri kabisa.

Oili hiyo huingia kupitia sili za tabo zilizokwisha, au kupitia bomba la kupumulia la injini iliyochoka ringi. Wakati mwingine ni kosa la kujaza: trekta na Land Rover za zamani zenye chujio la hewa la kuogea oili, ukizidisha oili, inavutwa. Dalili zinajulikana. Injini inapanda mzunguko bila kukanyagwa, moshi mweupe au wa bluu unafunika barabara, dereva anazima, na injini inaendelea kupanda. Kadiri inavyozunguka kasi ndivyo inavyovuta oili zaidi. Ikiachwa, inaendelea mpaka oili iishe na vyuma vishikane, au kifimbo cha pistoni kitoboe bloku na kutoka nje.

Chakula chake kinaweza pia kuwa hewani. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha BP cha kusafishia mafuta mjini Texas City, Marekani, mnara mmoja ulijazwa kupita kiasi na mafuta mepesi yakamwagika. Karibu na hapo pikapu ya dizeli ilikuwa imeachwa ikiwaka. Ilivuta mvuke ule, injini ikapanda mzunguko yenyewe, na wachunguzi waliihesabu kuwa ndiyo iliyoelekea zaidi kuwasha moto. Watu 15 walikufa na 180 walijeruhiwa. Kwa hiyo lori la petroli likipinduka barabarani, usilisogeze gari lako la dizeli karibu ili uone vizuri, na usidhani kwamba kulizima ukishafika kutasaidia.

Ikikutokea kwenye gari la gia za kawaida na uko ndani, tia gia kubwa kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote na uachie klachi ghafla, mara moja. Ukichelewa, klachi itaungua na nafasi hiyo itapotea. Kwenye gari la otomatiki, au injini ya jenereta, kilichobaki ni kuinyima hewa: kipande cha ubao kilichobanwa kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa, au kizimamoto cha kaboni dayoksaidi kikipulizwa humo. Usitumie kiganja wala shati. Mvuto wake unararua mkono na unameza kitambaa. Usisimame ubavuni mwa injini, kwa maana huko ndiko vyuma vinakotokea. Ukishindwa mara ya kwanza, ondoka na uondoe watu.

Ikizimika, usiiwashe tena kujaribu kama imepona. Mwambie fundi afungue mabomba yote ya hewa kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini na ayakaushe kabla hajagusa kingine, kwa sababu oili iliyobaki humo inatosha kuiendesha mara ya pili.